Kibundi wa Sokoke au kihodi wa Pemba: ukiwa na safari moja, umfuate yupi?

Mimi nakaa Tanga, na Tanga ni mahali pagumu pa kukaa mtu asiyejua kuamua. Mashariki, ng'ambo ya mkondo, iko Pemba na kihodi wake. Kaskazini, ukivuka mpaka wa Kenya pale Horohoro na kuipita Mombasa, uko msitu wa Arabuko-Sokoke na kibundi wake. Wote wawili ni bundi wa kujaa kiganjani, wote wa jenasi moja, Otus, na kwa aliyewaona pichani tu ni kama watoto wa tumbo moja. Kila mwaka kaskazi inapovuma simu hulia: "Kaka, nina siku nne na nauli ya safari moja. Niende wapi?"

Nimeshajibu swali hilo mara nyingi, na si mara zote vizuri. Safari hii naliandika lote, ili anayefuata nimtumie maandishi badala ya kubishana naye usiku wa manane.

Kwanza majina. Kihodi ni jina la Wapemba wenyewe; wataalamu humwita Otus pembaensis. Yule wa Kenya ni Otus ireneae, na kwa kuwa umaarufu wake umefungamana na msitu wa Sokoke, hapa nitamwita kibundi wa Sokoke. Kihodi aliingia vitabuni mwaka 1937, alipoelezwa na Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Zanzibar aliyependa ndege kuliko mafaili. Baadaye wapo waliomshusha cheo, wakamfanya tawi tu la kibundi wa Madagaska, kisha akarudishiwa uhuru wake. Kibundi wa Sokoke alichelewa zaidi: mwanasayansi Mmarekani S. Dillon Ripley alimtangaza mwaka 1966. Hebu fikiria. Msitu uko kando ya barabara ya Mombasa–Malindi, magari yanapita usiku na mchana, na bundi mzima anakaa humo bila kuandikwa popote mpaka Kenya ina miaka mitatu ya uhuru. Hapo pana fununu ya tabia yake, na tutairudia.

Sura zao

Kwa ukubwa hutawatenganisha. Kibundi wa Sokoke ana sentimita 16 hadi 18 kutoka utosini hadi ncha ya mkia, na uzito wa gramu 50 hivi, yaani yai moja la kuku wa kienyeji. Kihodi amemzidi kidogo, lakini "kidogo" hiyo haionekani usiku juu ya mti. Wote wana macho ya manjano na vishungi viwili vifupi kichwani, ambavyo watu huviita masikio ingawa si masikio. Wote wana ile hila ya ukoo wao: akishtuka hujivuta akawa mrefu mwembamba, akafumba macho yakabaki nyuzi mbili, ukaapa kwamba unatazama kisiki cha tawi lililokatika.

Rangi ndiyo inayowachanganya wageni. Kibundi wa Sokoke huzaliwa katika rangi tatu: kijivu, kahawia iliyokoza, na wekundu wa kutu. Si suala la dume na jike, wala la mkubwa na mtoto. Mume anaweza kuwa wa kijivu na mkewe mwekundu, wakakaa tawi moja bega kwa bega mchana kutwa. Kihodi ana rangi mbili, ya kahawia na ya wekundu, na huyo mwekundu ni mwekundu kweli, kama kigae.

Ukitaka alama moja ya kushika, shika hii: kibundi wa Sokoke ana madoadoa, kihodi ana uwazi. Wa Sokoke ni kama aliyenyunyiziwa unga na masizi kwa pamoja, vitone vyeupe na vyeusi kifuani na mabegani. Kihodi ana mistari hafifu ya kupingana kifuani na michirizi michache kichwani, na ukimtazama kwa mbali rangi yake ni moja tu.

Baada ya kusema hayo, niseme ukweli: alama hizi utazihitaji kwa kutazama picha, si porini. Porini wawili hawa hawakutani hata siku moja. Atakayekubabaisha bara ni ndugu yao wa tatu, kibundi wa kawaida wa Afrika, Otus senegalensis, wa kijivu kama yule wa kijivu wa Sokoke. Huyo ni wa nyika na miti iliyoachana, na sauti yake ni mkoromo mmoja mfupi wa "krruu", halafu kimya cha sekunde kadhaa, halafu tena "krruu". Ukiusikia mkoromo huo, jua hukuufikia msitu unaoutafuta.

Masikio kabla ya macho

Bundi hutafutwa kwa masikio, na hapa ndipo wawili hawa wanapoachana waziwazi.

Kibundi wa Sokoke hupiga mluzi wa noti moja inayorudiwa: "kuk-kuk-kuk-kuk-kuk", mara tano, mara saba, mara tisa, kwa mwendo ule ule, kama fundi bati anayepigilia sufuria bila haraka. Mfano huo si wangu peke yangu. Wapenzi wa ndege humfananisha na kale kandege kadogo ka mchana kanakogonga noti moja kutwa nzima juu ya miti, na Waingereza wamekaita fundi bati vilevile. Ndiyo maana mgeni husikia sauti ya kibundi saa moja usiku na kuipuuza, akidhani ndege wa mchana amechelewa kulala.

Kihodi hana haraka hata hiyo. Husema "hu". Hunyamaza. Unasubiri, unaanza kuwaza mengine, kisha: "hu". Pengine huziunganisha noti nne, tano au sita mfululizo, halafu hurudia upweke wake. Sauti ni nene kuliko ulivyotegemea kwa mwili ule, na haina mapambo. Mimi kila nikilisikia jina lake nasikia "hodi" ndani yake, mtu aliyesimama nje ya mlango asiye na haja ya kupaza sauti kwa sababu anajua mpo.

Usiku wangu wa kwanza Pemba nililala kwa wenyeji karibu na Konde. Mwambao mzima tumelelewa kumwogopa bundi. Akilia juu ya paa, watu husoma dua na mama hutupa chumvi motoni. Niliposikia "hu" nyuma ya nyumba nilimtazama mama mwenye nyumba nikidhani atashtuka. Alikuwa akichambua mchele. "Huyo kihodi tu, mwanangu," akasema, wala hakuinua kichwa. "Bundi ni yule mweupe wa kupiga kelele." Kwa hesabu ya mama yule kihodi si bundi hata kidogo, ni jirani. Nimesoma maandishi mengi kuhusu ndege huyu, na bado sijapata maelezo yanayomfaa kuliko yale.

Kwao ni wapi

Arabuko-Sokoke ukiitazama ramani ni msitu mmoja wa kilomita za mraba zipatazo 420, kati ya Kilifi na Malindi. Ukiingia ndani unakuta misitu mitatu. Upande wa bahari ni msitu mchanganyiko. Katikati, juu ya mchanga mweupe, ni miti ya mrihi iliyoachana, jua linapita hadi chini, na hapo ndipo wengi hupiga picha. Upande wa magharibi udongo unageuka mwekundu, njia inabana, na unaingia katika kichaka kirefu cha miti ya jenasi Cynometra na Manilkara: vigogo vyembamba, matawi yaliyosukana, hewa iliyosimama. Wageni hupaona hapo pabaya, na ndipo kwao kibundi. Ukitoka kwenye udongo mwekundu ukaingia mrihini, hayupo. Miti ipo, wadudu wapo, usiku ni ule ule, lakini yeye hayupo. Takribani nusu ya msitu tu ndiyo yake.

Kwa muda mrefu watu waliamini hana kwingine duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akapatikana Tanzania, katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki, na baadaye akaonekana pia Dakatcha, kaskazini-magharibi ya Malindi. Naam, Usambara Mashariki, yaani nyuma ya nyumba yangu. Watu hunicheka: una kibundi Muheza, unakwenda kumtafuta Kenya? Nitaeleza sababu huko mbele.

Hadithi ya kihodi ni ya bahari. Kati ya Pemba na bara mkondo una kina cha karibu mita 800. Unguja iko juu ya bahari ya kina kifupi. Zamani za barafu, maji ya dunia yaliposhuka zaidi ya mita 100, Unguja iliungana na bara, wanyama wakapita kwa miguu. Pemba haikuungana. Kilichofika huko kilifika kwa mbawa, kwa upepo au kwa chombo, kikakaa kikageuka. Ndiyo maana kisiwa hiki kisichofika kilomita za mraba 1,000 kina ndege wanne wasiopatikana kwingineko: kihodi, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule mdogo wa kijani-manjano mwenye pete nyeupe machoni. Kuna na popo wake mkubwa, mla matunda, mwenye manyoya ya rangi ya kutu. Unguja, jirani wa karibu, haina kihodi hata mmoja.

Msitu wa asili wa Pemba uliliwa na karafuu. Karne ya 19, chini ya masultani wa Zanzibar, miti ilikatwa mlima kwa mlima ili mikarafuu ipandwe, na baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mashamba ya Unguja, Pemba ndiyo ikabeba mzigo wote. Leo kipande kikubwa kilichosalia ni Ngezi, kaskazini-magharibi, kilomita za mraba 14 hivi, na vipande vidogo kama Msitu Mkuu. Kwa ndege wa aina ya kibundi wa Sokoke habari hiyo ingekuwa hukumu ya kifo. Kihodi alihamia mikarafuuni. Palipo na mikarafuu mikubwa yenye majani ya kufunga na mti mmoja mkongwe wenye tundu, anaweza kuishi, akila wadudu juu ya vichwa vya wachumaji.

Tofauti hiyo, kwangu mimi, ndiyo kubwa kuliko zote. Mmoja amekataa kuishi popote isipokuwa kwenye kichaka chake. Mwingine aliondolewa nyumba na bado akabisha hodi kwa waliomwondoa. Ukishaielewa, mengine yote yanafuata: namna ya kumtafuta kila mmoja, na hatari inayomkabili.

Kumwona

Kibundi wa Sokoke huonwa mchana. Hii hushangaza watu. Usiku, ndani ya kichaka kile, sauti inatoka kila upande na huwezi kupita bila kuacha nusu ya shati kwenye miiba. Lakini mchana hulala chini sana, pengine usawa wa kifua chako, jozi wakiwa wamegusana. Kazi ni kujua tawi lipi. Hapo ndipo wanapoingia waongozaji wa Gede na Jilore. Wapo wenyeji waliokulia ukingoni mwa msitu ambao huzunguka alfajiri, wakasikiliza wapi jozi limenyamazia, wakafuata, wakakumbuka. Wewe unakuja saa tatu asubuhi unavuna matunda ya kazi hiyo.

Siku yangu tulitembea kama dakika arobaini upande wa Jilore, tukiwa watatu, bila neno. Mwongozaji alisimama, akanishika bega, akanigeuza kama mtu anayemgeuza kipofu, akanong'ona: "Usinyooshe kidole. Tazama pale mwanga unapoingia." Nilitazama. Majani. Nikatazama tena. Majani makavu mawili. Kisha moja likafungua jicho la manjano. Walikuwa kama mita nne kutoka usoni kwangu, mmoja wa kijivu na mmoja wa kutu, na inawezekana walikuwa wamenitazama muda wote niliokuwa nikiyatazama majani. Tulikaa dakika tano tukarudi nyuma taratibu. Hatukuwaamsha, na mwongozaji alihakikisha hivyo kwa ukali kuliko nilivyozoea kukaripiwa na mtu wa rika langu.

Usambara, sasa. Huko yupo, lakini misitu ya chini imegawanyika, njia ni za kupanda na kushuka, na hakuna kundi la watu wanaomfuatilia jozi kwa jozi kama kule Gede. Nimekwenda mara tatu. Nimemsikia mara moja. Ukitaka kumsikia na kupanda milima, karibu sana, na utakula machungwa ya Muheza njiani. Ukitaka kumwona, vuka mpaka.

Kihodi ni kinyume. Mchana hujificha juu, katikati ya majani mazito, na kumpata ni bahati ya mtende. Usiku ndiyo wake. Mpangilio wa kawaida ni kufika langoni Ngezi kabla ya magharibi, kukubaliana na walinzi wa msitu, na kutembea nao giza linapoingia. Barabara yenyewe inayokata msitu kuelekea Vumawimbi na Ras Kigomasha inatosha. Huna haja ya kupasua kichaka. Mnasimama, mnasikiliza, "hu" inatoka kushoto, mnasogea, mnasimama tena. Mlinzi huwasha kurunzi mara moja, kwa ubavu, na kama mambo yamekaa vizuri unaona mviringo wa kahawia na macho mawili. Sekunde kumi. Wakati mwingine huoni kitu ila tawi linalotikisika. Katika usiku tano nilizotembea Ngezi nimemsikia usiku zote tano na kumwona vizuri usiku mbili.

Kwa hiyo mwenye kamera kubwa na subira ndogo aende Sokoke. Mwenye masikio aende Pemba.

Na tafadhali, hapa au kule, usicheze sauti ya bundi kwenye simu ili umvute. Anaacha kuwinda akaja kupigana na adui asiyekuwepo, na ukifanya hivyo wewe leo na mwingine kesho, jozi huhama. Mwanga mkali wa picha machoni pake usiku nao ni wa kuacha. Mwongozaji anayekubali mambo hayo kwa kuongezwa senti mbadilishe.

Njia na majira

Arabuko-Sokoke ni rahisi kwa mwenye kutoka Mombasa: lami tupu, matatu za Malindi zinapita Gede, nyumba za kulala zipo Watamu kwa kila mfuko. Kutoka Gede hadi upande wa udongo mwekundu unahitaji gari au pikipiki, na masika udongo ule hugeuka sabuni. Kati ya Aprili na Juni sipendekezi, labda kama unapenda kusukuma gari. Uwekee mwongozaji miadi siku mbili tatu kabla, maana naye anahitaji kujua jozi limelala wapi wiki hiyo.

Pemba ni meli kutoka Unguja hadi Mkoani, au ndege ndogo hadi Chake Chake, kisha barabara ndefu ya kaskazini hadi Konde. Wa Tanga tuna njia zetu, lakini kusi likivuma mkondo ule hauna mchezo. Nimeona mabaharia wa kuzaliwa wakishika reli. Na kusi lina ubaya wa pili ambao watu hawaufikirii: upepo majanini hufunika sauti. Kihodi ni noti moja ya chini, na usiku wa upepo unaweza kusimama chini yake usimsikie. Usiku mtulivu wa kati ya Desemba na Machi ndio wangu.

Vya pembeni navyo vinahesabiwa. Sokoke kuna kwera wa Clarke, ambaye ni wa Kaunti ya Kilifi tu, na kuna sange mkubwa mwenye makalio ya dhahabu, mnyama wa kuchekesha anayekimbia kama anayechelewa kazini. Kuna magofu ya Gede na mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambapo wakulima waliopakana na msitu hufuga viwavi na kuuza pupa wake, yaani viwavi waliojifunga kabla ya kuwa vipepeo, nje ya nchi. Kuna tembo pia, kwa hiyo usijitembeze peke yako. Pemba kuna popo wa Kidike, fukwe za Vumawimbi zisizo na kelele, na ndege wengine watatu wa kisiwa ambao wote unaweza kuwapata asubuhi moja. Mwenye watoto atawachosha Sokoke, Pemba watacheza.

Nani yuko pabaya zaidi

Baadhi ya wanaoniuliza wana nia ya kumwona yule anayeweza kutoweka kwanza. Sipendi sana hesabu hiyo, lakini jibu lipo. Orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inamweka kibundi wa Sokoke katika daraja la walio hatarini kutoweka, na kihodi daraja moja chini yake, la walio katika hali tete. Makadirio ya Arabuko-Sokoke yalikuwa jozi kama 1,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hesabu za baadaye zilishuka hadi 800 hivi. Msitu wenyewe kwenye ramani haukupungua kiasi hicho. Kilichopungua ni vilivyomo: muhuhu, mti mgumu unaopendwa na wachonga vinyago, ulikatwa mmoja mmoja miaka nenda rudi, na miti mikubwa ndiyo yenye matundu. Kichaka kinabaki kijani ukikitazama kutoka juu, lakini bundi amekosa chumba. Dakatcha ni mkaa na mashamba mapya ya mananasi, na huko hakuna hifadhi ya serikali ya kumkinga.

Kihodi ana hatari ya aina nyingine. Kisiwa ni kimoja. Hakuna Usambara yake ya akiba. Ngezi inalindwa, lakini wengi wao wako nje ya Ngezi, kwenye mashamba ya watu, na uhai wao umefungwa kwenye uamuzi wa mkulima mmoja mmoja: mkarafuu mzee usiozaa tena aukate au auache? Bei ya karafuu ikianguka, shamba linageuzwa muhogo au viwanja. Bundi huyu anategemea biashara ya viungo kuliko ndege yeyote ninayemjua, na hilo si jambo la kumpa mtu usingizi mzuri.

Haya, chagua

Kama hujawahi kumwona bundi yeyote wa mwituni kwa macho yako, na una siku mbili tu, nenda Sokoke. Ukiwa na mwongozaji wa kweli utamwona, mchana kweupe, kwa utulivu, na utaelewa kwa nini watu wazima huvuka bahari kwa ajili ya ndege wa gramu 50. Kama unataka picha, vilevile.

Kama umekwisha kuona bundi wengi na orodha yako ni ndefu, nenda Sokoke kwanza pia, kwa sababu muhuhu haukui kwa mwaka mmoja.

Kama unakwenda na mke au mume asiyejali ndege, nenda Pemba. Mchana ni bahari na urojo, usiku ni saa moja tu ya msituni, na hata asiyejali akisimama gizani Ngezi akasikia "hu" ya kwanza atakushika mkono. Kama huna fedha ya gari la kukodi, Pemba. Kama huoni vizuri, Pemba. Mzee mmoja wa Tanga asiyeona kabisa aliniomba nimpeleke, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema "wako wawili" kabla ya mlinzi.

Mimi mwenyewe, ningepewa safari moja tu iliyobaki, ningepanda chombo. Jozi la Jilore lilikuwa zuri zaidi, sibishi. Lakini lile lilikuwa jambo la kuonyeshwa. Pemba nilikuwa nimekaa barazani na chai yangu, sijamtafuta mtu, na "hu" ikaja kutoka mikarafuuni, mama mwenye nyumba akasema bila kuinua macho, "Leo amewahi."